Muuza Maji Anauza Siku za Mgonjwa

Biashara ya "kuondoa asidi mwilini" imeshamiri. Inatangazwa kwa vipaza sauti katika stendi na minada, inasambazwa kwa sauti na picha katika makundi ya WhatsApp, na siku hizi imevaa hata koti jeupe. Maneno yake ni machache na mepesi kukumbuka: saratani huota penye asidi, ondoa asidi, saratani itakufa, basi kunywa maji haya, au unga huu wa magadi, na usikubali kisu. Hoja yangu katika makala haya ni kwamba muuzaji huyo hauzi maji. Anauza muda, na muda wenyewe si wake. Ni wa mwanamke wa Kikole, kata ya wilaya ya Kilwa, aliyegusa uvimbe mdogo kwenye titi lake wakati anaoga na ambaye bado ana nafasi ya kupona. Hoja yangu ya pili itawaudhi baadhi ya wasomaji: soko la mchuuzi huyo tumelitengeneza sisi, yaani dola iliyoziweka huduma mbali na wasomi tulioufungia ukweli ndani ya Kiingereza.

Udaktari wangu ni wa vitabu, si wa wodi, na sitaandika dawa hapa. Nitafanya kazi ninayolipwa kuifanya: kusoma kilichochapishwa, kukipima, na kusema waziwazi hoja ipi inasimama na ipi imeegemea hewa.

Nianze na haki ya mpinzani. Uongo unaouzika huwa na punje ya ukweli ndani yake, na punje hiyo ipo. Uvimbe wa saratani una asidi kweli. Damu ya mtu mwenye afya hukaa kwenye kipimo cha pH kati ya 7.35 na 7.45, lakini majimaji yanayozizunguka seli za saratani mara nyingi hushuka hadi kati ya 6.5 na 6.9. Katika miaka ya 1920 mwanasayansi wa Kijerumani, Otto Warburg, alionyesha kwamba seli za saratani hutafuna sukari kwa pupa na kuigeuza kuwa asidi ya laktiki hata pale ambapo oksijeni inatosha. Mishipa ya damu ndani ya uvimbe imejengwa ovyo, haiwezi kuisomba taka yote hiyo. Seli zenyewe huisukuma nje ili ndani mwao pabaki salama, nayo hujaa mtaani mwao. Wala si taka isiyo na madhara. Huzilegeza tishu za jirani, huwadhoofisha askari wa kinga ya mwili, na huufungulia uvimbe njia ya kupenya.

Lakini tazameni mpangilio wa mambo. Saratani ndiyo inayozalisha asidi hiyo. Asidi ni moshi wa jiko, si kuni. Anayeniambia nipepee moshi ili moto uzimike hajanidanganya kuhusu kuwapo kwa moshi. Amenidanganya kuhusu moto.

Tena moshi wenyewe haupepeki kwa chupa ya maji. Kipimo cha damu hulindwa usiku na mchana na mapafu pamoja na figo. Kunywa maji yoyote yenye alkali: kwanza yatakutana na asidi kali ya tumbo, kisha ziada yake itatolewa na figo kupitia mkojo, na damu itabaki pale pale ilipokuwa. Ndiyo maana mchuuzi hupenda kumpima mteja mkojo kwa kikaratasi cha rangi. Mkojo hubadilika kweli, na mteja hushangilia. Haelezwi kwamba mkojo umebadilika kwa sababu damu imekataa kubadilika.

Uongo huu haukuzaliwa Kilwa. Mtangazaji wake mashuhuri ni Mmarekani, Robert O. Young, aliyetajirika kwa vitabu vya "muujiza wa pH". Mwaka 2016 mahakama ya California ilimtia hatiani kwa kufanya uganga bila leseni. Mwaka 2018 baraza la wazee wa mahakama huko San Diego liliamuru amlipe mwanamke mmoja dola milioni 105. Mwanamke huyo alikuwa na saratani ya titi, akaacha tiba za hospitali kwa kufuata ushauri wake, na ugonjwa ukafikia hatua ambayo haiponi. Bidhaa iliyofikishwa mahakamani kwao, kwetu inapigiwa matarumbeta.

Wauzaji hulitaja pia jina la Warburg, wakisema alipewa Tuzo ya Nobel kwa kugundua kwamba asidi huleta saratani. Si kweli. Tuzo yake ya mwaka 1931 ilitolewa kwa kazi yake juu ya kimeng'enya cha upumuaji wa seli. Hakuna Nobel ya maji ya alkali.

Wengine, wajanja zaidi, huonyesha utafiti halisi wa mwaka 2009. Ni utafiti wa kweli na unastahili kusomwa mpaka mwisho. Panya waliopandikizwa saratani ya titi ya binadamu walinyweshwa maji yenye baikabonati ya sodiamu. Ugonjwa ulipungua kasi ya kusambaa kwenda viungo vingine. Uvimbe wa kwanza, ule wa mahali ulipoanzia, haukusinyaa. Nairudia sentensi hiyo kwa sababu ndiyo inayokatwa wanapoinukuu: uvimbe wa kwanza haukusinyaa. Walikuwa panya, si binadamu, na hadi leo hakuna tiba ya saratani ya titi kwa binadamu iliyotokana na kunywa baikabonati. Anayemnywesha mgonjwa magadi kwa vijiko hamtibu. Anaweza hata kumharibia uwiano wa chumvi mwilini na kumwongezea maradhi ya pili.

Je, elimu ya asidi ya uvimbe haina faida? Ina faida kubwa, na hapa ndipo kejeli ya historia ilipo. Wanaoitumia vizuri zaidi ni wapasuaji. Tatizo kongwe la upasuaji wa saratani ni mpaka: jicho la mpasuaji haliwezi kuona seli ya mwisho ya uvimbe inaishia wapi. Akikata kidogo, anaacha mbegu. Akikata sana, anaondoa nyama isiyo na kosa. Watafiti wametengeneza chembe ndogo sana zinazobeba rangi na kukaa kimya ndani ya damu, lakini zikikutana na asidi ya uvimbe hupasuka na kung'aa chini ya kamera maalumu. Mwaka 2020 matokeo ya majaribio ya awali kwa wagonjwa nchini Uholanzi, wakiwamo wenye saratani ya titi, yalichapishwa: asidi ile ile iliuwashia uvimbe taa ili kisu kiuone. Bado ni utafiti, wala hauko tayari kwa hospitali zetu. Ila unatufundisha jambo moja. Mchuuzi anaitaja asidi ili mgonjwa akimbie kisu. Mwanasayansi anaichunguza ili kisu kifike.

Sasa nije kwenye kisu chenyewe, maana hofu yake ndiyo mtaji wa mchuuzi. Pwani yote ya kusini utasikia kwamba uvimbe ukiguswa na chuma, au ukipigwa na hewa, husambaa na kuua. Wasomi huwacheka wanaosema hivyo. Mimi siwacheki, kwa sababu hawakulitoa hewani. Wamelitoa kwenye misiba. Wamemwona jirani akienda hospitali na kidonda, akakatwa, akarudi, akafa baada ya miezi michache. Walichokiona ni cha kweli. Ni hitimisho tu lililokosea. Hakuuawa na kisu. Alifika kwenye kisu akiwa na ugonjwa uliokwisha kusambaa kwenye ini, mapafu au mifupa, na kisu hakifuati ugonjwa huko. Tathmini ya huduma za saratani ya titi nchini ya mwaka 2017 ilieleza kwamba takriban asilimia 80 ya wanawake hugundulika wakiwa katika hatua ya tatu au ya nne. Katika kijiji ambacho karibu kila anayepasuliwa amechelewa, watu watajifunza nini zaidi ya kwamba upasuaji ni mlango wa kaburi?

Kisu nacho kimebadilika. Mwishoni mwa karne ya 19, Mmarekani William Halsted aliondoa titi lote, misuli ya kifua na tezi za kwapa, akiamini kwamba kukata sana ni kuponya sana. Imani hiyo ilitawala kwa miongo mingi. Bernard Fisher huko Marekani na Umberto Veronesi huko Italia waliipinga kwa majaribio, si kwa matusi, na matokeo ya miaka 20 yaliyochapishwa mwaka 2002 yakaonyesha kwamba kwa mgonjwa aliyewahi mapema, kuondoa uvimbe peke yake na kufuatisha mionzi kunampa maisha marefu sawa na kuondoa titi lote. Kwa hiyo mwanamke anayewahi ana nafasi ya kupona, na mara nyingi ana nafasi ya kubaki na titi lake. Anayechelewesha kwa miezi sita ya maji ya chupa anaweza kuzipoteza zote mbili.

Waume na wazee wa ukoo wanahusika hapa, maana katika nyumba nyingi ruhusa ya upasuaji na nauli ya safari hutoka kwao. Ndugu yangu mwanamume, mke wako haogopi kisu peke yake. Anaogopa kurudi na kifua kimoja akakuta umeoa mwingine. Hofu hiyo haitibiwi na daktari. Unaitibu wewe, kwa neno moja kabla ya safari.

Baada ya hapo nasema na dola. Mwanamke wa Kikole akiamini kila nilichoandika na kuamua leo kutafuta tiba, ataikuta wapi? Ataanzia zahanati, ambako mara nyingi uvimbe wa titi huambiwa ni jipu au maziwa yaliyoganda, na hupewa vidonge. Akibahatika atapewa rufaa kwenda hospitali ya wilaya, Kinyonga, kule Kivinje, au hospitali ya mkoa ya Sokoine, Lindi. Kinyama kikichukuliwa kitahitaji maabara ya patholojia, na wataalamu wa patholojia katika nchi hii ni wachache na wamejazana mijini. Kisha atahitaji kujua kama saratani yake inaitika homoni, maana ikiitika kuna kidonge cha bei nafuu, tamoksifeni, kinachoweza kumlinda kwa miaka. Asipopimwa, kidonge hicho kinakuwa bahati nasibu. Na mionzi? Kwa miaka mingi, kwa mtu wa kusini, neno hilo limekuwa na maana moja: Ocean Road, Dar es Salaam, mwendo wa kilomita zipatazo 300 kutoka Kilwa, na wiki kadhaa za kulala ugenini. Mwezi Mei 2024 mvua za kimbunga Hidaya ziliikata barabara kuu kule Somanga, wilayani Kilwa, na njia ya kusini kwenda Dar es Salaam ikafungwa. Aliyekuwa na tarehe ya mionzi wiki ile alikuwa na tarehe na mto.

Mpime sasa mchuuzi kwa mizani hiyo. Mchuuzi yupo kijijini. Bei yake inalipwa kidogo kidogo. Anamwita mteja "mama" na kumsikiliza. Anatoa jibu siku hiyo hiyo. Mwaka 2011 maelfu kwa maelfu ya Watanzania, viongozi wakiwamo, walisafiri hadi kijiji cha Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha mchungaji Ambilikile Mwasapile kwa shilingi 500. Waliofanya safari ile ya siku kadhaa kwenye vumbi hawakuwa wavivu wa kutafuta tiba. Walikuwa wanatuonyesha wanachotaka: tiba ya bei inayojulikana, jibu la papo kwa papo, na mtu wa kuwatazama machoni. Tuliwacheka, au tulipanga foleni nao, na hatukujifunza lolote.

Najua nitajibiwa kwamba ninadharau tiba za asili na historia yetu. Wilaya ya Kilwa ina historia na maji kuliko wilaya nyingi. Mwaka 1905, kule Nandete katika vilima vya Wamatumbi, watu waling'oa pamba ya Wajerumani na vita vya Maji Maji vikaanza. Maji ya Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe hayakugeuza risasi, hilo tunalijua kwa uchungu. Lakini yaliwaunganisha watu wa makabila mbalimbali dhidi ya dhuluma moja, na aliyeyatoa aliyalipia kwa shingo yake: Wajerumani walimnyonga. Muuza maji wa leo hamuunganishi yeyote na yeyote. Humtenga mgonjwa na hospitali, na yakishindwa kufanya kazi, shingo inayolipa si yake. Msimfananishe na mashujaa.

Nitajibiwa pia kwamba serikali haina fedha. Mashine za gharama si hatua ya kwanza. Mumbai, India, watafiti waliwafuatilia zaidi ya wanawake 150,000 kwa miaka 20. Wahudumu wa afya wa kawaida, wanawake waliofunzwa, waliwachunguza wenzao matiti kwa mikono yao kila baada ya miaka 2. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2021 yalionyesha kwamba saratani ziligundulika zikiwa katika hatua za mapema zaidi, na kwa waliofikia miaka 50 vifo vilipungua kwa karibu asilimia 30. Kwa walio chini ya umri huo upungufu wa vifo haukuonekana, na haki inadai niseme hivyo. Lakini ni mikono tu na mafunzo. Nchi inayoweza kumfundisha mhudumu wa jamii kuhesabu vyandarua inaweza kumfundisha kutambua uvimbe. Kuhusu mionzi, jaribio la Uingereza lililochapishwa mwaka 2020 lilionyesha kwamba vipindi 5 ndani ya wiki moja vilifaa sawa na vipindi 15 vya wiki tatu kwa wagonjwa wa hatua za mapema. Kwa mkazi wa London huo ni unafuu. Kwa mwanamke aliyeacha watoto na shamba la ufuta Kikole, wiki mbili hizo zinaweza kuwa tofauti ya kumaliza tiba na kuikimbia.

Shirika la Afya Duniani limeweka vipimo ambavyo mtumishi wa umma yeyote anaweza kuvibandika ukutani: angalau asilimia 60 ya wagonjwa wagundulike katika hatua ya kwanza au ya pili, jibu la uchunguzi lipatikane ndani ya siku 60, na angalau asilimia 80 wamalize tiba yao. Shirika hilo hilo linaeleza kwamba katika nchi tajiri zaidi ya asilimia 90 ya wagonjwa huishi miaka 5 au zaidi baada ya kugundulika, wakati Afrika Kusini ni asilimia 40. Asidi ya uvimbe haijui pasipoti. Ni ile ile huko na huku. Kinachotofautiana ni idadi ya siku kati ya mkono ulioligusa titi na kisu kilichouondoa uvimbe.

Basi nadai siku hizo zihesabiwe. Kila halmashauri, kuanzia Kilwa, itangaze mbele ya madiwani imechukua siku ngapi kutoka mwanamke alipolalamika zahanati hadi alipopata jibu la kinyama chake. Kinyama kisafirishwe kwenda maabara badala ya mgonjwa kusafirishwa; makohozi ya kifua kikuu tumeyasafirisha hivyo. Nauli na malazi ya mgonjwa wa mionzi viingie katika mafao ya bima, maana sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023, na tiba isiyofikika si fao. Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 ipo, mamlaka ya dawa ipo, shirika la viwango lipo: anayetangaza kwamba maji yake yanaponya saratani aulizwe ushahidi wake, na asipokuwa nao afikishwe mahakamani kama Young alivyofikishwa.

Na sisi wa vyuo vikuu? Tunawapima wanawake wa nchi hii, tunawahesabu, tunaandika kuwahusu, tunapanda vyeo kwa maandiko hayo, kisha tunayachapisha katika lugha wasiyoisoma na majarida wasiyoweza kuyanunua. Mchuuzi anazungumza Kiswahili fasaha. Ukweli unazungumza Kiingereza. Tunashangaa nini uongo unaposhinda? Nadai kila utafiti unaofanywa kwa miili ya wananchi wetu uambatane na kurasa mbili za Kiswahili, na kamati za maadili zikatae kutoa kibali pasipo sharti hilo.

Wanafunzi wangu, hamhitaji shahada kuanza. Mtu akikutumia tangazo la kuondoa asidi, usimtukane. Mwambie mambo matatu: asidi hutoka kwenye saratani, maji hayabadilishi damu, uvimbe wowote mpya kwenye titi, hata usiouma, upelekwe kuchunguzwa wiki hii, si baada ya mavuno. Usiouma hasa, kwa sababu wengi husubiri maumivu, na saratani ya titi mwanzoni kwa kawaida haiumi. Wahenga walisema mficha maradhi kilio kitamfichua. Katika nchi hii wagonjwa wengi hawakuyaficha maradhi. Waliyasema mapema, wakauziwa maji.